Siku Niliyoanza na Rili ya Pili

Nyinyi wajukuu zangu mnatazama filamu kwenye simu mkiwa mmelala chali. Ikiwachosha mnaikata katikati, mnaenda kunywa chai, mnarudi mkitaka. Siwalaumu. Lakini msiniambie mnajua sinema ni nini kama hamjawahi kubanana na watu mia tatu kwenye mabenchi ya mbao, saa nane mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jasho linatiririka, na nyuma kabisa yuko mtu mmoja amesimama wima saa mbili nzima akiomba taa ya projekta isiungue.

Huyo mtu wa nyuma nilikuwa mimi. Nimeonyesha filamu mitaa ya Eastlands, Nairobi, tangu nikiwa na nywele mpaka zikaniaga. Siku hizi ninaishi Komarock kwa binti yangu, na kukaa kwenye kiti bado kunanishinda. Ananiambia, "Baba, si ukae basi, unatuzungusha vichwa." Ninakaa. Dakika mbili hazijaisha niko wima tena, ninatafuta waya wa kukagua. Kazi imeingia kwenye magoti na haitaki kutoka.

Nilifunzwa na Mzee Nzioka, dereva wa gari la sinema aliyejifunza projekta kwa kuifungua na kuifunga mwenyewe. Alikuwa na mdomo mchafu na mikono safi. Siku ya kwanza alinizaba kofi la kisogo kwa sababu alinikuta ninatazama filamu.

"Kamau, umekuja kazini ama umekuja sinema?"

"Kazini, mzee."

"Basi wachana na kitambaa cha picha. Tazama migongo."

Nilidhani ananidharau tu, ila mzee alisema kweli. Mgongo husema kabla ya mdomo. Migongo ikianza kuhangaika kwenye benchi, watu wamechoka na hadithi. Ikinyooka yote kwa pamoja, jambo limewagusa, na wewe usithubutu kukohoa.

Mengine nilijifunza kwa kuharibu. Unywele mmoja ukinasa mbele ya lenzi, kwenye kitambaa unaonekana mnene kama kamba ya ng'ombe. Kule Jericho nilisahau kupiga brashi, unywele ukatua juu ya mdomo wa bwana harusi, na ukumbi mzima ukamwita Masharubu mpaka akafa. Ilikuwa filamu ya huzuni ile. Mvua nayo ikipiga mabati, sauti ya filamu inamezwa, na opareta, yaani mwendesha projekta, lazima aseme maneno yote kwa mdomo wake. Nimewahi kuwa mfalme, mjane na mbwa katika alasiri moja.

Lakini kosa ninalotaka kuwaambia leo si la unywele. Ni la vifuniko. Na hili sijawahi kulicheka.

Kilonzo alinijia na mikebe miwili kwapani. Alikuwa karani wa kiwanda cha rangi kule Industrial Area, kijana mwembamba, suruali imenyooshwa kwa pasi mpaka inakata, lakini kucha zake ameziguguna zikaisha. Ndani ya mikebe mlikuwa na filamu aliyoitengeneza mwenyewe kwa kamera ya kuazima, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miaka mitatu, wachezaji wakiwa vijana wa kwaya. Ilikuwa rili mbili, yaani magurudumu mawili ya utepe, kila moja na mkebe wake. Juu ya vifuniko alikuwa amepaka namba kwa rangi nyekundu ya kiwandani, moja na mbili.

"Hakuna nyingine," akaniambia. "Ukiiunguza hii, umeniunguza mimi."

Rili ya kwanza ni mtoto wa kidato cha kwanza anaingia shule ya bweni na sanduku lake la bati. Kiranja mmoja anamchagua. Anampimisha urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti, usiku na mchana. Anamwambia aogelee kwenye sakafu kavu. Anamfulisha soksi za chumba kizima. Halafu inakuja barua. Mama wa mtoto ameiandika kwa mkono usiozoea kalamu, anasema anakohoa kidogo lakini mwanawe asome tu, asiwe na wasiwasi. Kiranja anainyakua, anapanda juu ya kitanda, anaisoma kwa sauti ya mwanamke mgonjwa, na kikohozi anakitia humo. Bweni zima linavunjika mbavu.

Rili ya pili ni kisasi. Mtoto anamdanganya kiranja aingie kwenye tangi tupu la maji nyuma ya jikoni, anafunga mfuniko, anakwenda zake darasani. Kiranja analia humo kutwa nzima, analia mpaka anamwita mama yake. Inaishia mtoto amerudi, ameshika mfuniko, na hatuambiwi kama anaufungua.

Tuliizungusha filamu hiyo ukumbi kwa ukumbi. Ee, watu! Kule Makongeni mzee mmoja alisimama akamkemea mtoto wa kwenye kitambaa, "Mwambie baba yako!" Jirani akamvuta koti, "Baba yake alikufa, hukusikia?" Mzee akajibu, "Basi si aniambie mimi!" Kule Jericho mwalimu mmoja aliinuka kusema filamu inafundisha utovu wa nidhamu, akaambiwa akae, kichwa chake kinaziba. Na kila mahali, tangi likifungwa, watu walipanda juu ya mabenchi wakipiga makofi: "Mwache humo! Mwache humo!" Nikifungasha vitu vyangu, akina mama walinifuata mpaka mlangoni. "Opareta, alimfungulia ama hakumfungulia?" Utadhani mimi ndiye mwenye ufunguo.

Kilonzo hakucheka hata siku moja. Taa zikiwaka alipita nyuso za watu mstari kwa mstari, akimaliza anaanza tena. Siku moja kule Bahati nikachoka naye.

"Kilonzo, unatafuta nani?"

Akaguguna kucha kwanza. Kisha akaniambia. Mtoto yule ni yeye. Kiranja naye yuko hai, anaitwa Mutinda, ni msimamizi kwenye karakana ya samani na mwenyekiti wa wanaume katika kanisa moja kule Baba Dogo.

"Na tangi?"

"Tangi sikuwahi kulifunga. Nimelijenga kichwani miaka kumi na minne." Akasogea karibu. "Wamenipa ukumbi wa kanisa lao Jumapili ijayo. Nimemwalika yeye na bibi yake, nimewawekea viti vya mbele. Tangi likifungwa na watu wakipiga makofi, wewe ukiwasha taa tu, nitamsimamisha. Nitamtaja jina. Wote wamwone."

"Ukishamtaja, halafu?"

Alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo. "Halafu watajua."

Niwaambie ukweli, niliogopa. Tena niwaambie ukweli mwingine, nilitaka kuona. Wiki ile sikutulia. Jumamosi nilifungua mikebe yote miwili mezani nipanguse vumbi, mawazo yote yako kwa Mutinda, ninajiuliza ana sura gani, atakimbia ama atapigana. Nikapangusa, nikafunika. Mzee Nzioka alikuwa ameniambia mara mia kwamba namba huandikwa kwenye mkebe wenyewe, tena kwenye kichwa cha utepe. Kwenye kifuniko usiandike kitu. Kifuniko hakina kwao, leo kiko hapa, kesho kiko kule. Nilikuwa nimeona namba za Kilonzo juu ya vifuniko siku ya kwanza kabisa, nikasema nitazirekebisha. Sikuzirekebisha.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa chini. Mutinda alikuja na mkewe, Mama Mwende. Nilikuwa nimejiandalia jitu baya. Akaja mwanamume mnene mwenye mikono ya seremala, akanisalimia kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimekula. Alipomwona Kilonzo mlangoni alifungua mikono yote.

"Mama Mwende, njoo umsalimie! Huyu tulisoma naye. Tuliteseka pamoja shule ile, wewe!"

Akamkumbatia. Nilimwona Kilonzo ndani ya kumbatio hilo, mikono yake imening'inia tu. Mtu yule alikuwa amesahau. Hakuwa anajifanya, alikuwa amesahau kabisa, na hilo liliniuma mimi ambaye halikunihusu.

Nikazima taa. Nikachukua mkebe wenye namba moja, nikapitisha utepe, nikawasha. Kwenye kitambaa likatokea tangi.

Jana yake nilikuwa nimebadilisha vifuniko. Kilonzo alikuwa kando yangu, akanishika mkono akanifinya.

"Umefanya nini? Zima! Anza upya!"

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye swichi. Lakini mfuniko ukagongwa, kiranja akapiga ukelele wa kwanza, na migongo yote ya ukumbi ule ikanyooka. Mgongo wa Mutinda peke yake uliinama mbele, viwiko magotini.

"Nikizima sasa," nikamnong'oneza, "kanisa hili litabaki kuta." Huo ulikuwa uongo nusu. Ukweli ni kwamba sikuweza.

Watu wale hawakuwa wameona njiti ya kiberiti. Hawakuwa wamesikia barua. Waliona kijana amefungiwa gizani anaita mama yake, na katoto kadogo kanatembea zake kwenda darasani bila kugeuka. Hakuna aliyepiga makofi. Akina mama walianza, "Woi, mtoto wa watu!" Mwingine akaita, "Ngai, Mungu wangu, si mtu amfungulie!" Mama Mwende alikuwa na sauti kuliko wote: "Hako katoto kana roho ya nyoka!"

Mutinda alitoa leso mfukoni akajipangusa macho.

"Analia," Kilonzo akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kamau, anamlilia nani?"

Rili ikafika mwisho. Nilibadilisha rili haraka kuliko siku yoyote maishani mwangu. Likatokea jina la filamu, na mtoto anaingia langoni na sanduku lake.

"Opareta, umechanganya!" mmoja akapiga kelele.

"Nyamaza wewe," mwingine akamjibu, "ndiyo staili mpya!"

Dakika za kwanza waliendelea kumchukia mtoto. Kisha kiranja akatoa njiti ya kiberiti. Migongo ikaanza kuhangaika. Watu waliinama kulia, wakainama kushoto, benchi zikalia, kila mtu kama amekalia mahali pasipo pake. Nilimwona mama mmoja aliyekuwa amelia sana anatazama leso yake, haelewi aifanye nini. Mutinda hakusogea. Ile sakafu kavu ilipofika, alivua kofia akaipakata.

Ikaja barua. Katika kumbi nyingine zote, kikohozi kile kilipata mtu mmoja wa kucheka, maana kijana wa kwaya alikiigiza vizuri. Kule Baba Dogo hawakucheka. Mutinda alikuwa ameinamisha kichwa, haangalii kitambaa tena, anasikiliza tu.

Utepe ukaisha, nikawasha taa, na ukumbi ukalipuka.

"Rudisha! Rudisha ile ingine!"

"Hii ni wizi! Mimi nimelilia mtu mbaya!"

"Rudisha tuone akifungiwa!"

Kilonzo akaenda mbele. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoandika maneno ya kumtaja Mutinda, imekunjwa mara nne. Nami nikamfuata mpaka katikati ya ukumbi, sijui nilitaka kumzuia ama kumsikia. Kabla hajafungua mdomo, Mama Mwende aliushika mkono wake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba, wewe ndio umetengeneza. Niambie. Huyo mama wa barua, alikuja kujua barua yake ilifanyiwa hivyo?"

Kilonzo alimtazama. Nadhani alikuwa amejitayarisha kwa kila kitu ila swali hilo.

Aliyejibu ni Mutinda, kofia bado mapajani.

"Hakujua," akasema. "Alizikwa wiki ileile."

Filamu haikusema mama alikufa. Hakuna mahali popote inaposema. Mama Mwende aliuachia mkono wa Kilonzo polepole, akamgeukia mumewe.

"Na wewe umejuaje?"

Waliokuwa nyuma waliendelea kupiga kelele za rudisha, hawakusikia. Sisi wachache wa mbele tulisikia. Mutinda akaitazama kofia yake. Mama Mwende akachukua shali yake akaenda kubanana na akina mama kwenye benchi la pembeni. Kilonzo alibaki na karatasi yake mkononi. Jina lilikuwa limejitaja lenyewe.

Ndipo Mutinda akaniangalia mimi.

"Opareta, watu wanaitaka. Rudisha. Na mimi niione ikiwa mahali pake."

Kilonzo akapita mbele yangu, akatoka nje.

Nikarudisha. Mtanilaumu, lakini mwenye filamu alikuwa ameondoka, mwenye kuhukumiwa ameomba mwenyewe, na ukumbi mzima unanguruma. Nilipitisha rili ya pili mara ya pili. Vijana, nimesikia makelele kwenye kumbi, ila sijasikia kama yale. Watu waliodanganywa machozi yao wana hasira kuliko watu wa kawaida. Tangi lilipofungwa walipanda juu ya mabenchi, wanakanyaga, wanapiga makofi, hata wale akina mama wa woi. "Mwache humo! Mwache humo! Afie humo!" Hawakujua kwamba kiranja mwenyewe yuko pale mbele, peke yake, kiti tupu kando yake. Kijana wa kwaya akamwita mama yake kutoka ndani ya tangi, na ukumbi ukamwigiza, "Mamaaa! Mamaaa!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Opareta haachi projekta ikiwa inazunguka. Ni sheria ya kwanza. Mimi niliiacha, nikaenda mlangoni.

Kilonzo alikuwa amekaa kwenye ngazi kwenye jua kali, karatasi ameichana vipande vidogovidogo. Nilitarajia atakuwa anatabasamu. Si ndicho alichokitaka miaka yote hiyo?

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Palepale. Amekaa."

"Hajatoka?"

"Hajatoka."

Kicheko kikapanda tena nyuma yangu, kikatoka mlangoni kikatufikia. Kilonzo alikunja uso, akajiziba masikio kwa viganja.

"Unasikia?" akasema. "Kamau, unasikia hiyo sauti? Ndiyo hiyohiyo. Siku ya barua bweni lilikuwa hivyohivyo, watu mia wanamcheka mmoja. Sijaisikia tangu siku hiyo, na sasa mimi ndiye nimeipika." Akainuka. "Zima."

"Imebaki kidogo iishe."

"Zima, ndugu yangu. Nakuomba."

Nilikimbilia projekta. Mimi Kamau, opareta wa miaka yote hiyo, niliwazimia watu mia tatu filamu mtoto akiwa njiani kurudi kwenye tangi. Giza, kisha taa, kisha matusi ambayo sitayaandika maana mjomba wenu mchungaji atasoma. Waliniita mwizi, waliniita mlevi. Kiatu kilinipita sikioni. Sijawahi kutukanwa na umati mkubwa namna ile, na sijawahi kujali kidogo namna ile, kwa sababu nilikuwa ninamtazama Kilonzo.

Alikuwa ameingia. Alipita katikati ya mabenchi, watu wakimzomea kutoka pande zote mbili, akaenda moja kwa moja mbele, akakaa kwenye kiti alichokiacha Mama Mwende. Mutinda hakugeuka. Ganda la chungwa lilirushwa kutoka nyuma, nadhani alilengwa Kilonzo, likatua begani kwa Mutinda, likakaa hapo kwenye koti lake la Jumapili.

Kilonzo akanyoosha mkono akaliondoa. Hakumwangalia usoni. Alilishika tu ganda lile kiganjani, na wakakaa hivyo, wawili, mpaka watu walipochoka kupiga kelele wakaenda kwao.